Mgonjwa wa moyo naye apewe kadi ya kuvuka nayo mpaka

ANAYEVUKA daraja la Rusumo kwenda Ngara, au anayepita Gatuna kuelekea Kabale, anajua hati anazopaswa kuwa nazo mkononi. Kuna kitambulisho au pasi ya kusafiria, na kuna ile kadi ya njano inayoonyesha kwamba mwenyewe amechanjwa homa ya manjano. Wafanyabiashara wetu wanaitunza kadi hiyo kama wanavyotunza pesa, maana wanajua siku yoyote inaweza kuulizwa. Hakuna anayeona ajabu, kwa kuwa kila mmoja anaelewa kwamba ugonjwa haujui mpaka.

Upo, hata hivyo, ugonjwa mwingine unaovuka mipaka yetu ukiwa ndani ya vifua vya watu, na hakuna kadi yoyote inayousema. Ni ugonjwa wa moyo kupapatika, ambao kwa lugha ya kitaalamu huitwa fibrilesheni ya atria. Hauambukizi, na huenda ndiyo sababu haujapewa uzito unaostahili. Lakini unaua, na wale ambao hauwaui huweza kuwaacha wamepooza upande mmoja wa mwili, wakiwa bado na watoto wa kusomesha na mikopo ya kulipa.

Leo tunapenda kuuzungumzia ugonjwa huu, na kumzungumzia mtu mmoja ambaye kwa maoni yetu ndiye anayeweza kuwasaidia zaidi wagonjwa wake. Mtu huyo ni muuguzi.

Moyo una vyumba vinne, viwili vya juu na viwili vya chini. Katika mtu mzima wa afya, vyumba vya juu hujikaza kwa mpango na kusukuma damu kwenda vya chini, pigo baada ya pigo. Ugonjwa huu unapoingia, vyumba vya juu huacha kujikaza sawasawa, vikabaki vinatetemeka tu kama jani kwenye upepo. Damu isiyosukumwa vizuri hutuama, na damu iliyotuama huganda. Bonge la damu likichomoka humo na kupanda kichwani, huziba mshipa wa ubongo. Hicho ndicho kiharusi.

Uchunguzi wa miaka mingi uliofanyika mji wa Framingham nchini Marekani ulionyesha kwamba mtu mwenye ugonjwa huu ana hatari ya kupata kiharusi mara 5 zaidi ya asiyekuwa nao. Kwa wale ambao moyo wao uliharibiwa na homa ya rumatiki, uchunguzi huo huo mwaka 1978 ulitoa hesabu ya kutisha zaidi, mara 17. Tunaitaja hesabu hii ya pili makusudi. Huko Ulaya mgonjwa wa moyo kupapatika mara nyingi ni mzee wa miaka sabini na kuendelea. Kwetu huku wapo pia vijana na akina mama wa miaka thelathini, ambao utotoni waliugua koo, wakapewa maji ya chumvi wasukutue, na hakuna aliyejua kwamba ugonjwa ule wa koo ungewarudia miaka ishirini baadaye kwenye valvu za moyo.

Dalili zake hujificha. Mmoja ataona moyo unakwenda mbio bila sababu. Mwingine atachoka kwa kupanda kilima ambacho zamani alikipanda akiimba. Mwingine hatahisi lolote mpaka siku ile mdomo utakapopinda. Katika vijiji vyetu wapo wanaosema mtu huyo amerogwa, na wapo wanaosema ni presha tu, itapita. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende.

Sasa, je, ugonjwa huu unatibiwaje? Hapa ndipo watu wengi hukosea. Mtu akisikia neno moyo, mawazo yake hukimbilia mbali, kwa daktari bingwa, kwa mashine kubwa, kwa safari ya Kigali, Kampala, Dar es Salaam au India. Ni kweli kwamba wapo wanaohitaji safari hizo, hasa wenye valvu zilizoharibika za kurekebishwa au kubadilishwa. Lakini hata aliyefanyiwa upasuaji mzuri hurudi nyumbani, na huko nyumbani ndiko ugonjwa unakoshindwa au unakoshinda.

Miongozo ya wataalamu wa moyo wa Ulaya iliyotolewa mwaka 2024 imeweka jambo moja mbele ya mengine yote katika matunzo ya wagonjwa hawa, nalo ni kudhibiti yale yanayouchochea ugonjwa. Baada ya hapo ndipo yanafuata kuzuia kiharusi kwa dawa, kisha kutuliza mapigo. Vichochezi vyenyewe tunavijua sote. Ni shinikizo la damu, uzito uliopita kiasi, kisukari, pombe, kukaa bila kufanya kazi ya mwili, na kukoroma kwa namna ile ya mtu kukatika pumzi usingizini.

Ushahidi wake si wa kubahatisha. Mjini Adelaide, Australia, madaktari waliwafuatilia wagonjwa 355 wenye uzito uliozidi, na mwaka 2015 wakaeleza kwamba waliopunguza asilimia 10 au zaidi ya uzito wao na kutourudisha walikuwa na nafasi mara 6 zaidi ya kubaki bila mapapatiko. Mwaka 2020 watafiti wengine wa Australia waliwagawa wanywaji 140 wenye ugonjwa huu makundi mawili, moja likaambiwa liache pombe na jingine liendelee na desturi yake. Ndani ya miezi sita mapapatiko yaliwarudia asilimia 73 ya walioendelea kunywa, na asilimia 53 ya walioacha. Hakuna kidonge kipya hapo wala kisu cha daktari. Ni mtu na sahani yake, mtu na glasi yake.

Hapa ndipo anapoingia muuguzi. Kumwambia mtu aache pombe ni rahisi, kwani hata mwimbaji wa redio anaweza kumwambia. Kazi ni kukaa naye mwezi baada ya mwezi, kumpima, kumuuliza ameshindwa wapi, na kumkaribisha tena bila kumkaripia. Daktari mwenye foleni ya watu sitini mlangoni hana nafasi hiyo. Muuguzi aliyepewa mafunzo, chumba na daftari anayo.

Katika mji wa Maastricht, Uholanzi, jambo hili lilijaribiwa. Wagonjwa 712 wenye moyo unaopapatika waligawanywa kwa kura. Nusu walihudumiwa na daktari wa moyo kwa utaratibu wa kawaida. Nusu nyingine walihudumiwa na wauguzi waliokuwa na programu ya kompyuta inayofuata miongozo ya tiba, huku daktari bingwa akiwasimamia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Waliolazwa kwa matatizo ya moyo na mishipa au kufa kwa sababu hiyo walikuwa asilimia 14.3 upande wa wauguzi, na asilimia 20.8 upande wa utaratibu wa kawaida. Vifo peke yake vilikuwa asilimia 1.1 dhidi ya asilimia 3.9.

Lakini si haki kumpa msomaji nusu ya habari. Waholanzi hao walirudia jaribio katika hospitali kadhaa, kwa wagonjwa zaidi ya 1,300, na kwa jumla tofauti haikuwa kubwa kiasi cha kutosha kusema wauguzi wamewashinda madaktari. Palipoonekana faida ya wazi ni katika hospitali zile ambazo wauguzi wake walikuwa na uzoefu wa kazi hiyo. Somo tunalolipata ni hili: kubandika jina la kliniki ya wauguzi mlangoni hakuponyi mtu. Anayeponya ni muuguzi aliyefundishwa, akaachwa kwenye kazi hiyo mpaka akaiweza.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya Ulaya. Tunawajibu kwamba sisi hatukuwangoja Waholanzi. Kuanzia mwaka 2006 katika hospitali za Rwinkwavu na Kirehe, huku huku Mkoa wa Mashariki, Wizara ya Afya kwa kushirikiana na shirika la Inshuti Mu Buzima ilianza kuwaweka wauguzi mbele katika kliniki za magonjwa yasiyoambukiza. Wauguzi wa Kinyarwanda walifundishwa kutumia mashine ndogo ya kuonyesha picha ya moyo, si ili wawe mabingwa, bali waweze kutenganisha aina kuu za ugonjwa: moyo uliolegea, moyo wenye valvu iliyosinyaa, moyo uliochoshwa na presha. Walianzisha dawa, walirekebisha dozi, waliwafundisha wagonjwa kujipima uzito na kupunguza chumvi, na daktari bingwa akawa anapita kwa vipindi kuangalia kazi yao. Utaratibu huo baadaye ukasambazwa katika hospitali nyingine za wilaya.

Dunia imeusikia. Agosti 2022, mjini Lomé, nchi za Afrika zilizo chini ya Shirika la Afya Duniani zilipitisha mkakati uitwao PEN-Plus, wa kupeleka matunzo ya magonjwa mazito yasiyoambukiza, yakiwemo magonjwa ya moyo ya rumatiki, katika hospitali za wilaya. Mawazo yake mengi yametoka katika kliniki hizo za vijijini Rwanda. Ni jambo la kujivunia kwamba kitu kilichoanzia kando ya barabara iendayo Rusumo leo ni mfano kwa bara zima.

Hata hivyo kujivunia hakutoshi, na hapa ndipo tunapofika kwenye hoja yetu. Kliniki hizo zilijengwa kwa ajili ya mtu anayekaa mahali pamoja. Mgonjwa anatoka kijijini, anapitia kituo cha afya, anafika hospitali ya wilaya, anarudi kijijini, na mwezi unaofuata anakuja tena. Bima ya mutuelle nayo inafuata njia hiyo hiyo. Lakini wasomaji wetu wengi hawaishi hivyo. Ni watu walioyaanza maisha Karagwe, Bukavu au Mbarara na kuyaendeleza hapa. Ni wale walioondolewa mkoani Kagera mwaka 2013 na kupokewa wakiwa hawana hata kipande cha karatasi kinachoeleza walikuwa wakitibiwa nini. Ni wanaolala Benako leo, Kirehe kesho.

Tuchukue mfano. Mama mmoja wa miaka 52 analeta mchele kutoka ng'ambo ya Rusumo. Ana presha, uzito umezidi, na valvu moja ya moyo imesinyaa tangu ujana. Moyo wake unapapatika. Anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Dawa hii ni nzuri, lakini ni kama kutembea juu ya ukingo wa ukuta. Ikipungua, damu inaganda, kiharusi kinabisha hodi. Ikizidi, mtu anavuja damu, pengine ndani ya kichwa au tumboni. Ndiyo maana mtumiaji wake hupimwa damu kila baada ya muda kwa kipimo kiitwacho INR, ambacho kwa wagonjwa wengi hutakiwa kiwe kati ya 2 na 3.

Mama huyu akiwa safarini, kila kitu kinamvuruga. Mgongo unamuuma kwa kubeba magunia, anaingia duka la dawa karibu na stendi na kuuziwa diklofenaki. Hajui, na muuzaji hajamuuliza, kwamba dawa hiyo pamoja na warfarini inaweza kumtoboa tumbo. Anaharisha, anapewa metronidazole, nayo huipandisha nguvu warfarini kupita kiasi. Vidonge vyake vinamwishia, ananunua vingine nchi ya pili. Vya kwanza vilikuwa vya miligramu 5, hivi ni vya miligramu 3, na rangi ni tofauti kwa kuwa kiwanda ni kingine. Yeye amezoea kuhesabu kidonge kimoja, si miligramu. Wiki tatu anakula wali na nyama ya kuchoma njiani, kisha anarudi nyumbani na kula isombe siku nne mfululizo. Majani ya kijani yana vitamini K, ambayo hupunguza nguvu ya warfarini. Hakufanya kosa lolote ambalo mtu wa kawaida angelijua. Alikosa tu mtu wa kumweleza, na karatasi ya kumsemea pale asipokuwepo wa kumweleza.

Muuguzi aliyefundishwa angemwambia mambo ambayo hayagharimu pesa. Asiache isombe wala dodo, maana ni chakula kizuri, ila ale kwa kiasi kinachokaribiana kila wiki. Maumivu yakimzidi, atumie parasetamoli kwa kipimo alichoelekezwa, na asinunue dawa yoyote bila kusema kwanza kwamba anatumia warfarini. Ahesabu miligramu, asihesabu vidonge. Apunguze chumvi. Urwagwa na bia za kumaliza siku ya soko azipunguze sana, na ikiwezekana aache kabisa. Na hiyo kanyanga inayopita vichochoroni asiiguse. Gari likisimama kwa ukaguzi, ateremke atembee badala ya kukaa saa tano kwenye kiti.

Wapo akina mama wadogo kuliko huyu, na kwao muuguzi ana swali jingine ambalo hapaswi kuliona haya: je, unatarajia kuzaa? Warfarini inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, hasa miezi ya mwanzo, na moyo wenye valvu iliyosinyaa unaweza kuelemewa na ujauzito. Swali hilo likiulizwa mapema na mwanamke mwenzake, kwa faragha, linaokoa watu wawili. Likiulizwa katika wodi ya uzazi limeshachelewa.

Kuna wanaouliza kwa nini tusiwape watu hawa dawa mpya za kuzuia damu kuganda, ambazo hazihitaji kupimwa kila mara na ambazo tangu 2019 zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwa wagonjwa wengi wenye moyo unaopapatika bila ugonjwa wa rumatiki, swali hilo ni la haki, na serikali zetu zinapaswa kulijibu kwa kushusha bei. Lakini kwa wenye moyo wa rumatiki jibu ni jingine. Utafiti uitwao INVICTUS, uliohusisha wagonjwa wapatao 4,500 katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, ulionyesha mwaka 2022 kwamba waliotumia dawa za aina ya warfarini walikufa wachache kuliko waliopewa rivaroksabani, na hawakuvuja damu zaidi. Kwa hiyo warfarini haiondoki kesho. Na maadamu haiondoki, kipimo cha INR na mtu wa kukisoma ni lazima viwepo mahali mgonjwa alipo.

Hatuwezi kusahau pia kwamba mipaka yenyewe haina dhamana. Gatuna ilifungwa Februari 2019, ikafunguliwa Januari 2022. Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda. Siasa zina sababu zake na leo hatuzijadili. Tunachosema ni kwamba siku lango linapofungwa ghafla, mgonjwa aliyekuwa na faili lake upande wa pili anabaki na kumbukumbu ya kichwani tu. Kidonge cha asubuhi hakingoji mawaziri wakutane.

Ndiyo maana tunapendekeza kadi. Iwe ndogo ya kutosha kukaa pamoja na ile ya njano. Iandikwe jina la ugonjwa na hali ya valvu, dawa anazotumia na miligramu zake, kipimo cha mwisho cha INR na tarehe yake, presha, uzito, na nambari ya simu ya kliniki inayomjua. Iwe kwa Kiswahili pamoja na lugha nyingine za nchi husika, maana Kiswahili ndicho ambacho muuguzi wa Ngara, wa Kirehe, wa Muyinga na wa Bukavu wote wanaweza kukisoma, na Rwanda yenyewe ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017. Karatasi ngumu, kalamu na mhuri vinatosha kuanza. Mambo ya kompyuta yatafuata.

Tuongeze tahadhari moja. Kadi ya njano huonyeshwa kwa afisa wa mpakani. Kadi hii isiwe hivyo. Ni mali ya mgonjwa, na wa kuonyeshwa ni muuguzi, daktari na mwuza dawa peke yao. Siku afisa atakapoanza kumzuia mtu kupita kwa sababu moyo wake unapapatika, watu wataificha, na tutakuwa tumeharibu kila kitu. Ugonjwa huu hauambukizi na hauna sababu ya kumzuilia mtu riziki yake.

Wanaotaka msingi wa kisheria wanao. Kifungu cha 118 cha Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini mwaka 1999, kinazitaka nchi wanachama zishirikiane katika afya. Kwa miaka mingi ushirikiano huo umeonekana zaidi pale milipuko inapotokea. Ni haki, kwani mlipuko hauna subira. Lakini kiharusi nacho kinaua watu wa nchi hizo hizo, na kituo cha pamoja cha mpakani cha Rusumo, kilichozinduliwa rasmi Aprili 2016 na marais wa Rwanda na Tanzania, kimeshatuonyesha kwamba maafisa wa nchi mbili wanaweza kukaa chini ya paa moja na kazi ikaenda. Kama forodha wameweza, afya wanashindwa nini?

Zaidi ya kadi, tunaiomba Wizara ya Afya mambo matatu. La kwanza, vituo vya afya vilivyo jirani na mipaka vipewe muuguzi wa magonjwa yasiyoambukiza anayefanya kazi siku za soko na jioni, kwa kuwa mfanyabiashara hawezi kupoteza siku ya soko kwa kupanga foleni. Awe na mzani, kipimo cha presha, cha sukari, na kile kifaa kidogo kinachopima INR kwa tone la damu ya kidole. La pili, muuguzi akishafundishwa kazi hii asihamishwe ovyo. Waholanzi wametuonyesha kwamba uzoefu ndio dawa yenyewe. Serikali ilitangaza mwaka 2023 azma ya kuongeza wahudumu wa afya mara nne ndani ya miaka minne, na tunaiunga mkono, lakini kuongeza idadi bila kutunza uzoefu ni kujaza pakacha maji. La tatu, muuguzi huyo asiachwe peke yake. Awe na daktari wa kumpigia simu, na bingwa wa kumtembelea kwa ratiba inayojulikana. Muuguzi anayeongoza kliniki hachukui nafasi ya daktari, na anayemwachia mzigo wote bila msaada hamheshimu, anamtoa kafara.

Kwa wasomaji wetu nao tuna neno. Serikali haiwezi kuja kukuondolea kitambi. Katika biashara zetu bado kuna wanaoona kitambi ni dalili kwamba mambo yamenyooka, na wanaoona mfanyabiashara asiyenunua bia baada ya kuuza ni bahili. Heshima ya namna hiyo ni ghali. Haikudhuru kitu kuweka vidole vitatu juu ya kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, na kuhesabu mapigo kwa dakika moja. Ukiona yanakwenda ovyo, moja mbio, jingine limechelewa, jingine limepotea, usimngoje mganga wala usingoje soko liishe. Nenda kwa muuguzi aliye karibu akupime. Ukimwona mwenzako mdomo umepinda, mkono umelegea au maneno yanamtoka yamevurugika, mkimbize hospitali saa ile ile. Na mtoto akiugua koo kwa homa, mpeleke kituo cha afya apewe dawa, kwani huko ndiko mengi ya haya yanakoanzia.

Tumeanza na kadi ya njano na tunamalizia nayo. Wakati mmoja nayo ilikuwa wazo tu, na bila shaka wapo walioliona ni usumbufu. Leo haipo anayevuka mpaka na kuisahau nyumbani. Moyo wa mama anayebeba mchele kuvuka Rusumo unastahili uangalizi huo huo, na gharama yake ni karatasi ngumu, mhuri, na muuguzi anayemjua kwa jina. Ni rai yetu kwamba wizara za afya za nchi zetu zianze na lango moja, zijaribu kwa mwaka mmoja, kisha zihesabu ni wangapi walioendelea kutembea kwa miguu yao miwili.